Picha Hafifu kwenye TV Kubwa: Tafuta Kwanza Kifaa Kinachoikuza

Dekoda hupeleka picha kwa resiva, yaani kile kikuza sauti cha spika kinachopitisha pia picha, resiva huipeleka kwa TV, na pembeni kuna kisanduku cha Android na labda PlayStation ya watoto. Kila kimoja kati ya vifaa hivyo kinajua kuchukua picha ndogo na kuikuza ijaze skrini kubwa, na mara nyingi vyote hutoka dukani vikiwa vimewashwa kufanya kazi hiyo. Mtu ananunua TV ya inchi 55 pale Luthuli Avenue, Nairobi, anaifunga ukutani, anafungua taarifa ya saa moja jioni, kumbe picha ni mbaya kuliko ya ile TV ndogo aliyoipeleka ushago. Mara nyingi TV haina kosa. Imepokea picha iliyokwisha kuchezewa njiani.

Hesabu yenyewe ni hii. Skrini ya 4K ina pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha, 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Chaneli ya SD, ile ya kawaida isiyo HD, huja na 720 kwa 576, ambazo hazifiki hata 415,000. Pikseli zote zinazopungua lazima kifaa fulani kizibuni kwa kukisia. Kukisia mara moja hakuepukiki. Kukisia juu ya makisio ndiko kunakoleta ukungu, vivuli na nyuso zisizo na ngozi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja: picha ikuzwe mara moja tu, na kifaa kimoja, na vingine vyote viipitishe kama ilivyo. Katika nyumba nyingi kifaa hicho kinafaa kuwa TV yenyewe, kwa sababu ndiyo inayoijua skrini yake na ndiyo ya mwisho kuigusa picha. Kuna pale ambapo kisanduku au deki ya DVD au Blu-ray inaishinda TV, nami nitapataja. Resiva mimi huipa kazi hiyo kwa nadra sana.

Kabla ya kugusa mipangilio

Fungua chaneli au video unayoilalamikia, kisha bonyeza Info kwenye rimoti ya TV, si ya dekoda. TV nyingi huonyesha kinachoingia: 576i, 720p, 1080i, 2160p (ndiyo 4K), pamoja na 50 Hz au 60 Hz. Namba ni idadi ya mistari ya picha; i ni mistari inayokuja nusu-nusu, p ni picha nzima; Hz ni mara ngapi kwa sekunde. Ukiwa unatazama chaneli ya SD na TV inasema inapokea 2160p, kuna kifaa kabla yake kilichokwisha kukuza. Ikisema 576i, TV ndiyo inayofanya kazi yote. Ikisema 1080i, kazi imegawanywa kati ya wawili, na hiyo ndiyo hali ninayoikuta mara nyingi zaidi.

Jaribio la pili: chomoa waya wa HDMI kutoka kwa resiva uuchomeke moja kwa moja kwenye TV. Picha ikibadilika hata kidogo, resiva ilikuwa inaigusa. Usiruke hatua hii hata kama fundi aliyekufungia mfumo aliapa kwamba resiva yake inapitisha tu.

Chaneli za kawaida zina ukungu, lakini YouTube iko safi

Hapa mkosaji huwa dekoda. Dekoda nyingi za HD zina orodha ya rezolusheni, yaani ukubwa wa picha, ya kutoa, na ukishachagua moja, kila chaneli hulazimishwa iingie humo. Tuseme imewekwa 1080i. Chaneli ya SD inafika ikiwa 576i, dekoda inaiunganisha mistari yake, inaikuza hadi 1080, kisha inaigawanya tena mistari nusu-nusu ili itoke kama 1080i. TV nayo inaunganisha mistari upya na kukuza hadi 2160. Picha imefumuliwa na kushonwa mara mbili kabla hujaiona.

Tafuta kwenye menyu ya dekoda chaguo linaloitwa Original, Native au Auto. Likiwepo, lichague, chaneli ya SD itatoka 576i na ya HD itatoka ilivyo, na TV itakuza kila moja kwa kiasi chake. Utalipia kwa skrini kuwa nyeusi kwa sekunde moja au mbili kila ubadilishapo chaneli, maana TV inapokea aina mpya ya picha. Wengine hukerwa na hilo hadi wakarudisha 1080i. Siwalaumu, lakini wajue wanachokitoa.

Chaguo hilo likikosekana, linganisha. Weka 576i, tazama taarifa ya habari, angalia herufi zinazopita chini ya skrini na nyusi za mtangazaji. Weka 1080i, tazama tena vilevile. Kwa mtu anayetazama mpira wa HD zaidi, 1080i ndiyo ya kuacha. Usiweke 720p kwa chaneli za HD zinazokuja 1080i: dekoda huzipunguza kwanza, kisha TV huzikuza, na kilichopotea katikati hakirudi.

Ukiweka 576i na watu wakanenepa au wakawa warefu kama nguzo, umbo la picha limekosewa. Hakikisha dekoda imewekwa 16:9 na TV haijawekwa kunyoosha.

Lakini kwa chaneli za bure kuna dawa iliyo bora kuliko zote, nayo ni kuondoa dekoda kabisa. Matangazo yetu ya dijitali ya ardhini hutumia DVB-T2, na TV nyingi za kisasa zina tyuna yake, yaani kipokezi cha antena, ndani. Chomeka waya wa antena kwenye TV, tafuta chaneli, na TV itapokea 576i halisi bila mtu wa kati. Wenye TV za ex-UK, zilizotoka Uingereza, waangalie nembo: yenye Freeview HD ina tyuna ya DVB-T2, yenye Freeview tupu mara nyingi ni DVB-T ya zamani, nayo haitasoma matangazo ya hapa.

Na kama dekoda bado imeunganishwa kwa waya wa AV wa nyekundu, nyeupe na njano, acha kusoma sehemu hii na ununue waya wa HDMI, dekoda ikiwa na tundu lake. Waya wa njano huchanganya rangi na mwanga kwenye mkondo mmoja; rangi nyekundu huvuja nje ya mipaka yake na vidoti hutambaa kwenye kingo za herufi. Hakuna kifaa kitakachokuza uchafu huo ukawa picha.

Herufi zina kivuli cheupe, nyuso zinang'aa bila vinyweleo

Vifaa viwili vinanoa picha moja. Kukuza picha huilainisha, kwa hiyo kila kifaa kinachokuza huongeza ukali kwenye kingo ili kuficha ulaini huo. Kikifanya hivyo kimoja, huoni. Vikifanya viwili, kila herufi inapata mstari mweupe wa kuizunguka, na kifuta-chenga kilichowashwa kwenye kifaa cha pili hulainisha ngozi za watu pamoja na chenga.

Anza kwenye kisanduku na resiva: zima kila kinachohusu ukali (Sharpness), kuongeza undani na kupunguza chenga. Kwenye resiva za Yamaha kuna kipengele cha Video Mode, kiweke Direct. Kwenye Denon tafuta i/p Scaler ukizime. Kisha njoo kwenye TV. Toka kwenye modi ya Vivid au Dynamic, nenda Cinema, Movie au Filmmaker Mode. Ukali usidhani kwamba sifuri ndiyo kawaida kwa kila TV. Kwenye Sony nyingi, 50 ndiyo hali ambayo TV haiongezi wala haipunguzi. Ukishusha chini ya hapo unaitia ukungu kwa mkono wako. Kwenye Samsung nyingi mpya, sifuri ndiyo hiyo. Njia ya kujua kwa TV yoyote ni kusimamisha picha yenye maandishi meusi kwenye mandhari ya kijivu, kupandisha ukali hadi kivuli cheupe kitokee, kisha kurudi nyuma hadi kitoweke.

Watu huniambia picha imekuwa hafifu baada ya hapo. Waachie siku chache. Jicho lililozoea kingo zilizochorwa huchukua muda kuona undani wa kweli.

Kwenye mwendo, kingo zina meno kama ya kitana

Hii si kasoro ya kukuza, ni ya kuunganisha mistari, lakini hufanywa na vifaa vilevile. Picha ya 576i au 1080i huja nusu-nusu: mistari ya witiri kwanza, ya shufwa baadaye, mara 50 kwa sekunde. Kifaa kikiunganisha nusu mbili za nyakati tofauti, mkono unaopungwa hupata meno.

Kwa matangazo ya moja kwa moja, TV ya kampuni inayoaminika kwa kawaida hufanya vizuri kuliko dekoda. Kwa DVD hali hugeuka. Filamu kwenye DVD ilikuwa fremu nzima kabla haijagawanywa, na deki nzuri husoma alama zilizomo kwenye diski yenyewe zinazoiambia nusu ipi ni ya fremu ipi. TV haizioni alama hizo, inalazimika kubahatisha. Kwa hiyo ukiona meno kwenye DVD, iambie deki itoe 576p badala ya 576i: deki inaunganisha, TV inakuza. Diski za Marekani hutoka 480p badala ya 576p, na kanuni ni ileile. Deki ya Blu-ray iliyotengenezwa vizuri unaweza hata kuiachia kazi yote hadi 1080p au 2160p. Jaribu zote mbili na uangalie kingo za mlalo, kama ngazi au mistari ya uwanja.

Mpira unaruka-ruka badala ya kuteleza

Hii ndiyo dalili ambayo hapa Nairobi inahukumiwa vibaya kuliko zote, kwa sababu kila mtu huishtaki intaneti. Matangazo ya TV hapa, na ya ligi za Ulaya, huenda kwa 50 kwa sekunde. Visanduku vingi vya Android huwekwa 60 Hz kiwandani. Ukitazama mechi kupitia programu kwenye kisanduku hicho, kila fremu ya tano inarudiwa ili 50 zijaze nafasi za 60. Kamera ikifuata winga anayekimbia, picha inashtuka mara 10 kwa sekunde. Intaneti ikiwa mbaya, picha husimama au kuvunjika vipande. Haishtuki kwa mpigo sawasawa.

Filamu zina tatizo la jamaa yake: ni fremu 24, na kwenye 60 Hz moja huonyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu.

Suluhisho ni kisanduku kibadilishe kasi kulingana na video. Kwenye kisanduku cha Apple TV 4K kuna Match Content, ndani yake Match Frame Rate. Fire TV ina Match Original Frame Rate. Kodi, programu ya kuchezea filamu, ina Adjust Display Refresh Rate. Programu nyingine hazitii. Kwa hizo weka kisanduku 50 Hz kwa mkono siku ya mechi, au tazama kwa dekoda.

Hapa kuna jambo la kuelewa kuhusu nani anakuza. Apple TV hubadilisha kasi na aina ya rangi, lakini rezolusheni haiibadilishi. Ukiiweka 4K, itakuza kila kitu hadi 4K yenyewe. Kodi ndiyo inayoweza kutoa 1080p kwa video ya 1080p na kuiachia TV: kwenye mipangilio yake ya skrini kuna Whitelist, weka alama kwenye rezolusheni na kasi zote unazotaka TV izipokee zikiwa asili. Kwa mtu mwenye maktaba ya filamu kwenye diski, hilo ni jambo la thamani kubwa.

Kisanduku kinasema 4K, Netflix bado ina ukungu

Kutoa 4K si kupokea 4K. Kisanduku cha bei nafuu kisicho na kibali hupata kiwango cha chini cha ulinzi kiitwacho Widevine L3, na Netflix hukipa picha ya SD, 480p, hata kama umelipia mpango wa juu kabisa. Kisanduku hukuza hiyo 480p hadi 2160p na TV hukuambia kwa ukweli kwamba inapokea 4K. Ndiyo maana Info ya TV haitoshi hapa. Kwenye YouTube washa Stats for nerds uone rezolusheni inayoingia kweli. Widevine unaweza kuikagua kwa programu ya DRM Info. Ukikuta L3, usihangaike na kukuza. Tumia programu ya Netflix iliyo ndani ya TV, au nunua kisanduku chenye kibali.

Kama ni L1, kiwango cha juu, na bado picha ni chafu, pima kasi ya intaneti. Netflix hupendekeza Mbps 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Miraba inayotokea kwenye moshi, maji na giza ni picha iliyobanwa kupita kiasi, na kukuza huifanya miraba iwe mikubwa zaidi. Vivyo hivyo filamu za kunakiliwa kwenye flashi kutoka duka la mtaa: faili ya saa mbili iliyobanwa hadi ikaenea kwenye megabaiti mia chache haina cha kukuzwa.

Wakati wa kumpa kisanduku kazi

Nvidia Shield ya 2019 ni mfano ninaoutetea. Ina ukuzaji unaotumia akili mnemba, na kwa video safi ya 720p au 1080p hushinda TV nyingi za bei ya kati na karibu zote za bei ya chini. Ukiwa nayo, iweke 4K, washa AI-Enhanced, shusha ukali wa TV hadi hali yake ya kawaida, na tumia modi ya maonyesho inayogawa skrini nusu mbili ili uone tofauti kwa macho yako. Kwa video chafu rudisha Basic, kwa sababu hunoa miraba kwa bidii ileile inayonoa nyuso.

TV isiyo na jina, hasa ile ambayo 4K yake iliandikwa kwenye katoni kwa herufi kubwa kuliko za kampuni, mara nyingi hukuza vibaya. Hapo kisanduku kizuri au deki ipewe kazi.

Resiva inafaa pale tu unapokuwa na vifaa vya zamani vya waya wa njano na TV isiyo na tundu la kuvipokea. Vinginevyo iache ishughulikie sauti.

Kingo zimekatwa, au maandishi ya kompyuta hayasomeki

TV inakuza picha asilimia chache zaidi na kukata pembeni, desturi iliyobaki tangu enzi za TV za chogo. Ubaya wake mkubwa si kingo: hata 1080p kwenye skrini ya 1080p hukuzwa bila sababu na ukali wote kupotea. Tafuta Just Scan kwenye LG, Fit to Screen kwenye Samsung, Full Pixel kwenye Sony.

TV za inchi 32 za HD Ready ni jambo lingine. Nyingi zina pikseli 1366 kwa 768, kipimo ambacho hakuna chaneli wala diski inayotoa, kwa hiyo zitakuza au kupunguza kila kitu daima. Zipe 720p na 1080p kwa zamu, chagua iliyo safi, uishie hapo.

Projekta

Projekta nyingi ndogo huuzwa kwa maneno kwamba zinakubali 4K. Kukubali ni kupokea. Skrini yake ya ndani inaweza kuwa 1280 kwa 720 au hata 854 kwa 480. Kisanduku kikikuza hadi 4K na projekta ikaishusha hadi 480, umefanya kazi mbili za kuharibu. Tafuta kipimo halisi kwenye karatasi ya maelezo na uweke kisanduku kwenye rezolusheni iliyo karibu nacho zaidi.

Kisha angalia keystone. Ile ya kidijitali hunyoosha picha iliyopinda kwa kuikuza upya bila usawa, na herufi hulainika upande mmoja kuliko mwingine. Irudishe sifuri. Inua au shusha projekta yenyewe hadi picha inyooke, hata kama ni kwa kuongeza ubao chini ya rafu.

Vidoti vyeupe vinametameta, au skrini inazima na kuwaka

Ulipobadilisha kifaa cha kukuza, ulibadilisha pia mzigo unaopita kwenye waya. 4K ya 60 Hz inahitaji HDMI 2.0, yenye uwezo wa Gbps 18, HDMI 1.4 huishia Gbps 10.2 na 4K yake ni ya 30 Hz tu. Waya mrefu uliopitishwa ndani ya ukuta wakati wa 1080p unaweza kushindwa sasa. Shusha kisanduku hadi 1080p. Vidoti vikitoweka, ni waya au tundu. Kagua pia kama tundu la TV limefunguliwa kwa 4K kamili, maana baadhi ya TV hulifunga hadi ulifungue kwenye mipangilio: Input Signal Plus kwa Samsung, Enhanced kwa Sony.

Skrini nyeusi kabisa kupitia resiva ya zamani ni HDCP 2.2, ulinzi ambao resiva hiyo haiujui. Usiitupe. Unganisha visanduku moja kwa moja kwenye TV, kisha rudisha sauti kwa resiva kupitia ARC, tundu la HDMI linalotoa sauti kutoka TV. Utapata Dolby Digital ya spika 5.1, na resiva haitaigusa picha tena.

Gemu linachelewa, midomo haiendani na sauti

Kila hatua ya kuchakata picha huongeza muda. PS4 ya kawaida hutoa 1080p kwa hiyo iache hivyo, TV ikuze, na uwashe Game Mode kwenye tundu hilo pekee. Usiipitishe kwenye resiva inayokuza.

Sauti ikitangulia midomo, TV ndiyo inayochelewesha picha. Ongeza kuchelewa kwa sauti kwenye resiva au saundiba kidogo kidogo, ukitazama mtu anayezungumza akiwa karibu na kamera. Sauti ikibaki nyuma ya midomo, hakikisha kwanza kwamba kuchelewa huko kumewekwa sifuri, kisha jaribu kubadilisha aina ya sauti inayotoka kwenye TV kati ya PCM na Bitstream. Fanya hili baada ya yote ya juu kukamilika, kwa sababu kila unapohamisha kazi ya kukuza kutoka kifaa kimoja hadi kingine, muda huo hubadilika, na resiva nyingi hutaka uuweke upya kwa kila tundu.